Mmenishika?

Habari ile Thadeo aliipokea akiwa amesimama, maana ofisini kwa mwalimu mkuu hakuna aliyemwambia akae.

"Yule binti wa juu kwenye mnara wako wa sarakasi, mbadilishe," alisema Mwalimu Agatha, macho yake kwenye rundo la madaftari. "Kamati ilikaa jana. Juu atapanda Brayan."

"Naanyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Anaumwa?"

"Mwalimu Thadeo, usinihoji kama polisi. Shikamoo yenyewe umenipa nusu, halafu maswali unayaleta kwa gunia."

Kwenye benchi la dirishani alikaa Bwana Frank, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa na gesti mbili kando ya barabara kuu pale Mikumi na mashine ya kukoboa mpunga nyuma ya soko. Brayan alikuwa mwanawe. Akajikohoza kama mtu anayefungua mkutano.

"Kijana, mimi binafsi sina neno na yule mtoto. Lakini wazazi wamesema, tena wamesema kwa sauti. Ng'ombe wa wafugaji wa kwao waliingia kwenye mpunga wetu mwezi wa tatu wakaukanyaga wote. Leo mtoto wao asimame Kilosa, mbele ya wilaya nzima, akanyage na mabega ya watoto wetu? Utawaambia nini watu hao?"

"Nitawaambia ng'ombe ana miguu minne, Naanyu ana miwili."

"Ndiyo hiyo midomo yako ya mashairi," alisema Bwana Frank, akacheka peke yake.

Mwalimu Agatha hakucheka. Alifunga daftari taratibu. "Thadeo baba, sikiliza. Wewe hapa unajitolea, na tunashukuru. Anayejitolea hana barua ya kuajiriwa. Asiye na barua ya kuajiriwa hahitaji barua ya kufukuzwa. Umenielewa?"

Thadeo alielewa. Aliinama kidogo, kama adabu inavyotaka, akatoka. Alipofika nje aliupiga teke mlango wa stoo ya vifaa hata bawaba ikalia, na watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakinywa uji wakageuka wote na vikombe vyao mdomoni.

Ilikuwa Jumatano. Maonyesho ya shule za wilaya yalikuwa Jumamosi.

Thadeo alizaliwa Vidunda, mlimani, ambako mtoto hujua kujisawazisha kabla ya kujua kusoma, maana shamba limelala ubavu na asiyejua kusimama anaviringika na jembe lake. Alikwenda Morogoro akiwa na miaka kumi na minane, akajiunga na kikundi cha sarakasi. Huko alijifunza kupiga pindu, kusimama kwa mikono, na kujenga mnara wa watu. Huko pia alianguka. Alikuwa juu kabisa, mbele ya watu wanaokula nyama choma, na aliyekuwa chini yake alikuwa anamtazama msichana. Mfupa wa bega ulivunjika ukaunga vibaya. Mpaka leo ulikuwa umechomoza chini ya fulana yake kama fundo la kamba.

Ndiyo maana aliporudi na kuomba shule impe saa moja kila siku na watoto, muhula mzima wa kwanza hakuwafundisha kuruka. Aliwafundisha kuanguka. Kuanguka kwa bega, kuanguka kwa mgongo, kuanguka na kuviringika, kuanguka huku mwenzako amekudaka. Wazazi walicheka mpaka machozi. "Tumempa watoto awafundishe kuanguka! Kwani hilo si walikuja nalo kutoka tumboni?" Yeye aliomba pumba kwenye mashine ya Bwana Frank, akazishindilia kwenye viroba, akavishona kwa uzi wa katani vikawa magodoro kumi na mawili. Juu ya magodoro hayo watoto walianguka mpaka wakachoka kuogopa.

Na aliwawekea sheria moja, na hakuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo. Anayepanda lazima aulize, "Mmenishika?" Na kila anayembeba lazima ajibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nimekushika." Wabebaji wakiwa watano, zisikike sauti tano. Sauti moja ikikosekana, mguu unarudi chini, hata kama Rais amekaa mbele yenu. Neno hilo halisemwi kwa mzaha wala halinyimwi kwa mzaha. Aliwatungia hata ubeti wa kuimba wakati mnara unapojengwa:

*Mguu wako begani, uzito ni wangu mimi,*
*Panda utazame chini, usiogope usemi,*
*Mkono haukuhini, kukudaka haugomi,*
*Tumekushika amini, neno letu si la ndimi.*

Naanyu alikuja mwaka uliofuata, baba yake alipohamishia mifugo upande ule wa bonde. Siku ya kwanza, watoto waliposhikana mikono kufanya duara, mkono wake wa kulia ulibaki hewani.

"Ananuka maziwa," alisema Doto, msichana mwenye mabega mapana na mdomo usiolala.

"Na wewe unanuka njaa," alijibu Naanyu.

Waligombana wiki tatu. Wiki ya nne Naanyu aliteleza kwenye mti wa kubembea, na Doto, ambaye mikono yake ilikuwa imeshafundishwa kudaka kabla moyo haujaulizwa, akamdaka. Wakaanguka wote wawili kwenye pumba. Doto ndiye aliyecheka kwanza. Kuanzia hapo mnara ulijijenga wenyewe: chini Doto, Brayan na Elia, kati Raheli na Tomasi, juu Naanyu, mwepesi kama kikapu kitupu, mgongo umenyooka, mkono mmoja umeshika bendera ya shule.

Huyo ndiye ambaye Thadeo aliambiwa amshushe.

Alimwambia siku hiyohiyo saa nne, wakati wa mapumziko, pembeni ya uwanja. Alikuwa amejiandaa kwa machozi.

"Sawa, Mwalimu," alisema Naanyu.

"Sawa nini? Huulizi sababu?"

"Sababu naijua. Juzi mama mmoja dukani aliniambia nisizoee mabega ya watu." Akajifuta vumbi kwenye goti. "Nitakuwa wapi basi?"

"Kwenye mstari wa bendera. Nyuma."

"Sawa."

Ile *sawa* ndiyo iliyomchoma Thadeo. Angelia, angepata la kumbembeleza. Angetukana, angepata wa kutukana naye. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekwishazoea kuondolewa, hasira zake nani azibebe? Thadeo alizibeba yeye, zake na za mtoto, akalala nazo na kuamka nazo.

Alhamisi walimjaribu Brayan juu. Alikuwa mtoto mnene kidogo, mpole, hodari chini, mabega yake kama kizingiti. Juu alitetemeka mpaka Raheli akapiga kelele, "Oya Brayan, unanichimba kisima begani!" Alishuka jasho likimtoka.

"Mwalimu, mimi sitaki juu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie baba."

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

Alipoyasema hayo aliona uso wa mtoto ukijifunga, lakini hakusimama kuutazama. Kichwani mwake palikuwa na uso mwingine, uso wa Bwana Frank akicheka peke yake kwenye benchi.

Ijumaa baada ya zoezi akawabakisha wabebaji watano: Doto, Elia, Raheli, Tomasi, na Saibulu aliyechukua nafasi ya Brayan chini. Akachuchumaa mbele yao.

"Kesho Brayan atauliza kama kawaida. Nyinyi mtanyamaza."

Watoto walitazamana.

"Tunyamaze mpaka lini?" aliuliza Elia.

"Mpaka mwisho. Atauliza mara tatu, hakuna atakayejibu, na sheria mnaijua. Hapandi. Wilaya nzima itaona kwamba huwezi kuketi kwenye kamati ukaamua nani abebwe, wakati mabega si yako."

"Lakini Mwalimu," alisema Doto, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikwenda polepole, "ulisema lile neno halinyimwi kwa mzaha."

"Huu si mzaha. Hii ni haki."

"Na Brayan tumwambie?"

"Brayan asijue."

Doto alikuwa amefundishwa kumwamini anayesimama mbele na filimbi. Thadeo alikwenda kulala akiwa na furaha kali, kama mtu aliyemaliza kunoa panga.

Jumamosi walikwenda Kilosa kwa Coaster ya kukodi, watoto wakiimba njia nzima, viroba vya pumba vimefungwa juu ya paa. Uwanja ulikuwa umejaa. Shule zilikuwa zimejipanga kwa rangi, spika zinakoroma, mshereheshaji anatania kila anayepita. Bwana Frank alikaa safu ya pili jukwaani, shati jeupe, simu tayari mkononi kumpiga mwanawe picha. Mwalimu Agatha alikaa pembeni yake na mkoba magotini.

Zamu yao ilipofika walianza vizuri. Watoto arobaini walipiga pindu kwa mawimbi, safu hii ikiinuka ile ikiinama, na watu wakapiga vigelegele. Kisha ngoma ikabadilika, wakaimba ubeti wao, na mnara ukaanza kuinuka. Doto, Elia na Saibulu wakapanga mabega. Raheli na Tomasi wakauliza, wakajibiwa, wakapanda, wakasimama. Ngoma ikatulia. Brayan akatoka mbele na bendera, akaweka kiganja kwenye goti la Doto.

"Mmenishika?"

Kimya.

Akadhani hawakusikia. Akapaza sauti. "Mmenishika?"

Kimya. Mtu mmoja jukwaani akacheka. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kutoacha kimya kipite, akadaka kipaza sauti: "Jamani, mwenzenu anauliza! Au hajalipa nauli?" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Thadeo alikuwa amesimama pembeni na filimbi mdomoni, macho yake jukwaani, akiusubiri uso wa Bwana Frank. Aliupata. Ile simu ilikuwa imeshuka polepole mpaka pajani, na mdomo wa mtu yule mkubwa ulikuwa wazi kidogo. Kwa muda wa pumzi moja Thadeo aliona raha aliyoiota siku tatu. Kisha akafuata macho ya yule baba yalikokwenda, akamwona mtoto.

Brayan alikuwa hamtazami Doto tena. Alikuwa anamtazama yeye, Mwalimu. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti na machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na mkono wake bado ulikuwa juu ya goti la Doto, kwa sababu alifundishwa usiondoe mkono mpaka ujibiwe.

"Mmenishika?" aliuliza mara ya tatu, na safari hii lilikuwa swali kweli.

Thadeo alitaka kupuliza filimbi. Pumzi haikuja.

Nyuma, kwenye mstari wa bendera, Naanyu aliweka bendera yake chini. Aliilaza taratibu, kwa adabu, kisha akatembea kupita katikati ya safu zote, akafika kwenye mnara, akajiingiza ubavuni mwa Doto na kukaza bega lake jembamba chini ya kiatu cha Raheli.

"Nimekushika," alisema, kwa sauti iliyofika jukwaani.

Doto akaanza kulia. "Nimekushika," akasema. Elia akasema. Saibulu akasema. Kutoka juu Raheli na Tomasi wakasema. Sauti sita, moja zaidi ya zilizotakiwa.

Brayan aliwatazama mmoja mmoja. Akaondoa mkono wake kwenye goti la Doto.

"Sipandi," alisema.

Hakupanda. Mnara ulibaki pale bila kichwa, watoto watano na Naanyu, mpaka mpiga ngoma akachoka na kupiga ya kumalizia, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ulivyopangwa.

Nyuma ya jukwaa Bwana Frank alimfuata Thadeo mbio, shati limetoka kwenye suruali. Watu walidhani atapiga. Thadeo alitamani apige.

"Ulikuwa na ugomvi na mimi," alisema Bwana Frank, na sauti yake ilikatika katikati. "Na mimi! Nilikuwa nimekaa pale, mwili wote huu. Ungekuja unipige mimi!"



Mwalimu Agatha alifika akitweta. "Umeiaibisha shule, Thadeo. Mbele ya wilaya!"

Thadeo akamgeukia, hasira imempanda. "Mtoto ndiye niliyemwaibisha, Mwalimu Mkuu, na hilo ni langu, nitalibeba. Shule mlishaiaibisha nyinyi siku ya Jumanne, mlipokaa kwenye viti mkapima kosa la ng'ombe mkamkata nalo mtoto."

"Jumatatu usije."

"Nitakuja. Sina barua ya kuajiriwa, na mtu hafukuzwi kazi ambayo hakupewa."

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Walipokuwa wanakaribia Mikumi, Naanyu aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akaja akishika viti kimoja kimoja, akasimama karibu na mwalimu wake. Hakukaa. Thadeo alidhani amekuja kushukuru, na akaona aibu hata kabla hajasikia.

"Mwalimu, nilipoanza kupanda juu, baba alinikataza," alisema. "Alisema wale ni watoto wa watu wanaotuchukia, siku moja watakuachia uanguke. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa Mwalimu Thadeo mtu akisema nimekushika ameshika, na asiposema hupandi, basi hakuna wa kukudanganya. Baba akakubali kwa sababu hiyo tu." Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Leo akiniuliza, nimwambie nini?"

"Naanyu, nilifanya kwa ajili yako."

"Mimi sikukutuma."

Akarudi kwenye kiti chake.

Jumatatu asubuhi Thadeo alikuta stoo iko wazi na viroba kumi na viwili vimekwenda. Pikapu ya Bwana Frank ilikuwa imekuja alfajiri kuvichukua. Chini zilibaki pumba kidogo tu, zimemwagika kwa mstari kutoka mlangoni hadi getini, na kuku walikuwa wameshazipata. Angeweza kwenda mashineni akapige kelele. Maneno alikuwa nayo, tena makali, yamepangika yenyewe kwa vina. Aliyameza. Yalishuka kama mwiba wa samaki.

Saa nne kengele ikalia. Hakupuliza filimbi. Aliivua shingoni akaitundika kwenye msumari, akaenda uwanjani, akapanda juu ya meza ya zamani waliyoitumia kurukia. Watoto walikuja wenyewe, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Doto alikuwepo na Elia, Raheli na Tomasi bega kwa bega, Saibulu nyuma yao. Naanyu alisimama na mikono kifuani. Brayan alikuja mwisho, akabaki kwenye nguzo ya goli. Dirishani mwa ofisi pazia lilisogea.

"Niliwaambia lile neno halinyimwi," alisema Thadeo. "Halafu mimi ndiye niliyewaambia mlinyime. Brayan, nilikutumia kumchapa baba yako. Naanyu, nilikuuza kwa jina la kukutetea. Doto, uliniuliza swali la haki nikakufunga mdomo kwa cheo. Mimi ndiye niliyekosa, na bado nina hasira na waliomshusha Naanyu, na sitaacha kuwa nazo. Lakini zile ni zangu. Hazikuwa za kuwapa nyinyi mbebe."

Akawageuzia mgongo. Mbele yake kulikuwa na barabara kuu na malori yanapumua kwenye tuta. Nyuma yake kulikuwa na ardhi, kavu, ngumu, bila hata konzi ya pumba. Fundo la bega lake likaanza kuuma kama linavyouma kabla ya mvua. Alifunga mikono kifuani kama alivyowafundisha, akasogeza visigino ukingoni mwa meza.

"Mmenishika?"

Aliwasikia wakisogea. Alisikia vidole vikishikana na vidole, jinsi wanavyotengeneza kitanda cha mikono.

"Nimekushika," alisema Doto.

"Nimekushika." Elia. Kisha Raheli, na Tomasi, na Saibulu kwa kiherehere.

Lori likapita. Lilipokwisha kupita, Naanyu alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe lakini anashika: "Nimekushika."

Ilibaki sauti moja.

Thadeo alisubiri. Jua lilimpiga usoni, jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Alisikia hatua zikitoka kwenye nguzo ya goli, zikaja, zikasimama. Alisikia mtu akivuta makamasi. Alisubiri mpaka kengele ya kurudi darasani ikalia, na ile sauti ya saba haikuja.

Mwalimu yeyote mwingine angejirusha, akawalazimisha wamdake. Sheria ilikuwa yake. Alirudisha visigino ndani, akageuka, akashuka taratibu kwa mguu wa kushoto.

"Kesho," alisema.

Kesho yake saa nne akapanda tena juu ya meza, akawapa mgongo, akauliza.